Mtoto Aliyelia Kichwani Mwangu

Kama dresa, yule msaidizi wa daktari, amekushika shingo, vidole viwili nyuma ya sikio, akakuta tezi zimevimba, kisha akakwambia usimame kando huku wenzako wakiruhusiwa kwenda nyumbani, basi haya nakuandikia wewe. Mimi nilisimama hapo kando. Najua mtu anavyojifanya kutazama kuku wa watu. Najua pia kwamba utapewa ushauri na watu ambao shingo zao ni nzima, na wengi watakwambia uombe, Mungu atakuonyesha njia. Omba, sikukatazi. Lakini nisikilize kwanza, maana mimi niliomba vibaya, na maombi yangu nusura yanizike.

Naandika polepole. Siku hizi naona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi: mbele ni sawa, pembeni hakuna kitu. Neno moja naliona, la pili nalifuata. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogawana kambini, Wasamia, Wateso, Wadama na Wajaluo, kila mmoja akiivunja kwa namna yake. Mimi niliipata utotoni kwenye laini za polisi Tororo, ambako baba alikuwa askari, na huko huko nikajifunza kusoma. Hilo la kusoma usilisahau, kwa sababu ndilo lililonitia katika shida ya kuchagua.

Niliolewa Bulumbi, kwa Egesa, mkulima wa pamba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Miaka ile ya vita vya Hitla vijana wetu wengi walikuwa jeshini, na barua zao zilikuja kwa Kiswahili. Mama zao hawakujua kusoma. Basi walinijia, wakaketi barazani kwangu na kanga zao safi kana kwamba wako kanisani, nami nikawasomea. Nilijivuna, siwezi kudanganya. Mtoto wa mtu aliyeko vitani Bama alizungumza kwa mdomo wangu. Hata mama mkwe, ambaye hakupenda ninavyopika wala ninavyocheka, alinyamaza nikishika karatasi.

Ugonjwa ulinipata mvua za kwanza, wakati wa kupanda wimbi. Nilikuwa nimekwenda kuokota kuni kando ya Mto Sio na mbung'o akaniuma mgongoni, jambo ambalo lilimpata kila mtu na hakuna aliyelihesabu. Homa ilikuja ikaenda. Baadaye ngozi ilianza kuwasha hata nikajikuna kwa gunzi la hindi. Mwezi wangu ukakatika, nikadhani nina mimba, na haikuwa mimba. Kisha nikaanza kulala. Nililala kanisani, nililala na jembe mkononi, nililala tonge likiwa mdomoni. Binti yangu Nabwire, miaka minane, alijifunza kunitolea chakula kwa kidole ili nisipaliwe. Mtoto anamlisha mama yake, na mama hana hata aibu, amelala.

Nilibadilika tabia pia. Nilimtukana mama mkwe maneno ambayo siyaandiki. Kwenye matanga ya jirani nilicheka mpaka nikatolewa nje. Ndani yangu nilikuwa nasikitika kama wengine, mwili ndio uliocheka. Waliosema nimelogwa walikuwa wengi kuliko waliosema naumwa.

Halafu ikatokea ile ya barua. Mama Wandera, jirani yetu wa nyumba ya pili, alileta barua ya mwanawe. Ilikuwa mchana mweupe, jua kali, kuku wamejificha kivulini. Nikasoma salamu, nikasoma habari za mvua ya huko na viatu vilivyomchubua. Nikaendelea kusoma, "Na umsalimie ndugu yangu Ojiambo, mwambie nimemwona." Nikashika mstari uliofuata. Mama Wandera akanikamata mkono.

"Umesema nani?"

"Ojiambo."

"Nani amekwambia jina hilo?"

Nikatazama karatasi nimwonyeshe mahali. Hapakuwa na mahali. Palikuwa na doa la mafuta, na juu yake habari za viatu, na chini yake jina la Wandera. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, akitazama ua, kwamba Ojiambo alikuwa kifungua mimba wake. Aliishi siku nne. Alizikwa miaka mingi kabla sijaolewa pale, na jina lake halikutajwa tena katika nyumba ile, hata mumewe hakulitaja. Akakunja barua, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta barua. Lakini walikuja wanawake wawili wasio na barua, mmoja baada ya mwingine, wakataka niwaambie mambo. Niliwafukuza. Hata hivyo, nikibaki peke yangu, niliamini kidogo kwamba nimefunguliwa sikio. Kosa langu lilianzia hapo.

Wiki hiyo hiyo mtoto alianza kulia. Mtoto mchanga, mbali, kama nyumba ya tatu hivi. Nikamtuma Nabwire aende akaone ni mtoto wa nani. Akarudi akasema hakuna mtoto, mama. Nilimtuma tena. Alipokataa mara ya nne nilielewa kwamba kilio hicho kilikuwa cha kwangu. Nililima kikilia. Nilioga kikilia. Hakikuwa kikubwa wala cha hasira, kilikuwa kilio cha mtoto aliyelia muda mrefu na ambaye hakuna anayekuja.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo hutaelewa nilichofanya baadaye. Kwetu mtoto mchanga akilia pasipo kunyamaza, hana homa, hana njaa, bibi, ambaye sisi humwita kukhu, humpakata na kuwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Wewe ni Bwire? Mtoto analia. Wewe ni Mangeni? Analia. Akitajwa mmoja mtoto akanyamaza, basi huyo ndiye aliyekuja, na jina ni lake. Mimi mwenyewe nilipata jina hivyo, mikononi mwa kukhu wangu. Tulipobatizwa tuliongezewa majina ya kanisani, lakini kimya kile cha mtoto tuliendelea kukiamini.

Basi chifu akatoa amri watu wote wafike sokoni Busia kushikwa shingo. Ndiyo siku niliyosimama kando. Tulikuwa kumi na mmoja, tukapakiwa kwenye lori, tukapelekwa kambi ya wagonjwa wa malale upande wa Tororo, kwenye njia ya Kwapa, mahali ambapo ule mwamba mkubwa wa Tororo unauona wote kutoka chini hadi juu. Egesa alitufuata kwa baiskeli. Alifika jua linaelekea kutua, amejaa vumbi hata kwenye kope, na begani ana kifurushi cha mihogo mikavu kana kwamba nimekwenda nchi isiyo na chakula.

Kambini kazi kubwa ni kungoja. Tulingoja kwenye mabenchi marefu ya mbao, tumejipanga kulingana na sindano zetu, waliofika karibuni mwisho. Nilingoja kutolewa maji ya mgongo. Unalala ubavu, unajikunja magoti yaguse kidevu, dresa anakwambia usihame. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeshavaa, nimeshatoka nje, ndipo yale maumivu yakanifika, yakaniangusha chini. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Nikijigonga muundi wa mguu kwenye benchi nilikuwa nakwenda hatua kadhaa, nimesahau, halafu maumivu yananifuata kama mtu niliyemwacha nyuma. Usipoelewa hili utadhani kuna anayekupiga.

Dresa wetu aliitwa Okoth, Mdama, mtu mnene mwenye mikono myepesi. Alituita mimi na Egesa pembeni.

"Mama, mimi sikufichi. Ile maji ya mgongo imeonyesha wadudu imepanda kichwa. Sindano inafika huko iko moja tu. Kila wiki moja, wiki kumi na mbili. Inaponya watu mingi. Lakini wengine inachukua macho yao."

"Inachukua yote?"

"Saa ingine kidogo. Saa ingine yote."

"Na nisipochomwa?"

"Utalala."

Hakusema kufa. Daktari Mzungu alikuja kila Alhamisi, na kwa dawa ile hakumlazimisha mtu. Alitaka kwanza uweke jina au kidole kwenye karatasi. Tulipewa mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Sasa nifikirie mimi, mwanamke ambaye heshima yake yote iko machoni. Nikipofuka mimi ni nani Bulumbi? Nitaketi barazani kwa nani? Nabwire nitamjuaje akikua? Na nikikataa, nitafia usingizini na tonge mdomoni. Nilimgeukia Egesa.

"Wewe ndio msomaji," akasema. "Uliza Mungu. Akisema, mimi nabeba."

"Na wewe huna mdomo wa kumuuliza?"

Nilimchukia siku ile, nilimwita mwoga mbele ya watu. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba aliogopa aseme nichomwe, nipofuke, halafu aishi na mimi miaka yote nikiwa nimemwelekezea uso usiomwona. Alirudi Bulumbi kumtazama mtoto. Mama mkwe akatuma salamu kwa mpita njia: nirudi nyumbani, kuna mtu ng'ambo, upande wa Kenya, anayeumika kwa pembe na kutoa damu mbaya. Mwalimu wa kanisa naye akatuma salamu: niombe ishara, Bwana hatanyima.

Nikaomba ishara. Na unajua niliomba vipi? Kila siku baada ya uji, jua likiwa kali, niliketi benchi la nje nikiegemea nguzo, uso kuelekea mwamba. Mtoto alikuwa analia kama kawaida. Nikasema, Bwana, nitakutajia njia mbili, na huyu mtoto akinyamaza nitajua ni wewe. Nikasema, nichomwe sindano. Mtoto akalia. Nikasema, nirudi Bulumbi. Akanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kilikuwa kizito, kitamu, hakina hata ndege. Nilipofumbua macho mtoto alikuwa ameanza tena, na kivuli cha nguzo kilikuwa kimehama kutoka mguu wangu wa kushoto hadi wa kulia. Nikadhani ndivyo inavyokuwa mtu akikaa na Mungu, muda unapita asijue. Kesho yake nikataja tena: sindano, akalia, nyumbani, akanyamaza. Siku ya tatu vilevile. Nikalia kwa furaha. Nilimtumia Egesa habari aje Jumatano na baiskeli, Mungu amesema.

Kwenye kitanda cha pili kutoka changu alilala mwanamke wa Kwapa, Mteso, jina lake Apolot. Mtu mzima, mjane, mrefu hata miguu yake ilitoka nje ya kitanda. Alikuwa sindano ya nne, na kutwa alisuka vikapu pale nje. Jumanne alinivuta kando.

"Mama Nabwire, nataka kuuliza wewe kitu, usikasirike. Wewe kila siku unakaa hapa kuomba?"

"Ndiyo. Na nimejibiwa."

"Mimi nakuangalia. Unasema neno ya kwanza. Unasema ya pili. Halafu kichwa inaanguka. Unalala mpaka mimi namaliza mistari tatu ya kikapu. Nzi inakaa kwa uso yako, ni mimi nafukuza."

"Sikulala. Nilikuwa na Mungu."

"Labda. Lakini Mungu yako inatoka mate."

Nilitaka kumpiga. Yeye akaendelea kusuka. Alipoona nimebaki nimesimama akasema, bila kuinua macho, "Geuza maneno. Ile ya mwisho, weka mbele. Mimi nakaa macho."

Nikaketi. Nikasema, nirudi Bulumbi. Mtoto akalia, akalia. Nikasema, nichomwe sindano. Akanyamaza.

Nilipofumbua macho Apolot aliinua kikapu juu nikione. Mistari mitatu.

"Na iko kitu ingine," akasema, na safari hii hakutania. "Ukilala unaongea. Kila siku jina moja. Ojiambo, Ojiambo. Hiyo ni mtoto yako?"

Sikuwahi kulitaja jina hilo kambini. Nilisimama juani, jua la Tororo, watu wamevua mashati, na mimi nasikia baridi mpaka kwenye meno. Kwa hiyo nani alikuwa akininyamazia? Nilikuwa nimeuliza ugonjwa kama unataka kutolewa, nao, kwa adabu kabisa, ukanijibu niende nyumbani. Na kama haukuwa ugonjwa, basi nilikuwa nimemwita mtu kwa njia ya kukhu, na kwa njia ya kukhu wanaokuja ni wafu. Sikujua lipi ni baya zaidi. Nililala nikikodolea macho paa la nyasi, namwambia Mungu maneno makali. Nilimwambia, kama umenifanyia masihara ni masihara mabaya, na kama si wewe, ulikuwa wapi?

Egesa alifika Jumatano saa nne. Alikuwa amefunga mto wa usufi nyuma ya baiskeli, ameukaza kwa kamba za katani, ili nisiumie njiani. Alitabasamu, kwa sababu aliambiwa Mungu amesema. Nikamwambia yote: kivuli cha nguzo, kikapu, mate. Ojiambo nilimficha.

"Kwa hiyo Mungu hajasema?"

"Sijui. Mimi siwezi kumsikia. Kichwa changu si changu."

Akaketi kwenye benchi. Apolot alikuwa akisuka pembeni, mtoto wangu wa kichwani akilia. Mwishowe nikasema jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nikasema, "Ombeni nyinyi. Nyinyi mko macho."

Egesa hakuwahi kuomba kwa sauti maisha yake yote. Kanisani alikuwa akisema amina tu, tena amechelewa. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa, akaivua tena.

"Mungu," akasema, "mimi sijui kuomba. Mimi nataka huyu mtu akae. Kama ni macho, iko yangu mawili, tutagawana." Kisha akasema, "Ni hiyo tu."

"Amina," akasema Apolot.

Hakuna kilichotokea. Hakuna sauti, hakuna kimya, mtoto hakukatisha kilio hata kidogo. Egesa aliinuka, akaenda kwenye baiskeli, akaanza kuzifungua zile kamba za mto, fundo moja baada ya jingine. Alikuwa ameyakaza mno, akatumia meno. Nikamwangalia mpaka akamaliza. Akaja na mto, akauweka juu ya kitanda changu, kichwani. Alhamisi niliandika jina langu kwenye karatasi, herufi zimepinda, mtoto akilia.

Kuhusu sindano zenyewe sitakutisha. Mbili za kwanza zilinitapisha. Ya tatu nilikaa macho siku nzima, nikamuuliza Apolot kama leo ni sikukuu, maana kila kitu kilikuwa na mwanga. Ya nne nilikula ugali wote peke yangu bila kidole cha mtu. Apolot alipomaliza zake kumi na mbili alikuwa anaona mpaka chawa kwenye kichwa cha mwenzake, akaondoka akitembea kwa mwendo wa mtu mwenye deni na njia. Aliniachia kile kikapu. Okoth alikuwa akituletea sukari ya uji kutoka kwake nyumbani na kusema imetoka serikalini. Pamba ilivunwa nikiwa kule; Egesa aliniletea furushi dogo nishike, nijue imekuwa nzuri.

Sindano ya saba ukingo wa kuona kwangu ulianza kuliwa. Okoth alinikalisha mbele yake kila wiki, akiniambia nitazame pua yake, kisha ananyoosha vidole pembeni. "Ngapi, mama?" Tatu. Wiki iliyofuata: "Ngapi?" Nikasema, umeshanyoosha? Alishusha mkono akafuta uso. Daktari akauliza kama nataka kuacha. Wakati huo sikumwomba mtu ishara. Nilimuuliza Okoth ni nini kitatokea nikiacha, nikamuuliza Egesa kama neno lake la kugawana bado lipo, nikamwambia Mungu kwamba naogopa sana, na nikamaliza zilizobaki nikiwa naogopa sana.

Kilio kilikatika wiki ya tisa. Nilikuwa nabangua karanga mchana, mikono inafanya kazi, wenzangu wanasema habari za mvua. Kikakatika katikati, kama mtoto aliyetiwa ziwa mdomoni. Niliogopa kuliko siku zote, maana kimya kile nilikijua. Nikasema hapa nimelala, nimerudi kulala. Nikachukua mguu nikajigonga muundi kwenye benchi kwa nguvu zote, nikaanza kungoja. Sikungoja. Maumivu yalikuja palepale, makali, ya kwangu mwenyewe, na mimi nikalia kwa sauti mpaka karanga zikamwagika.

Wewe uliyeko kwenye benchi sasa, nililojifunza ni dogo. Usimwombe Mungu peke yako na kichwa kilichoingiliwa. Watafute waliolala vizuri, hata kama ni mtu asiyejua kuomba, hata kama ni mtu anayekucheka. Uliza dresa maswali yote, hata ya kijinga. Na usidhani kwamba ukichagua sawa utasikia amani. Mimi sikusikia chochote. Mpaka leo siwezi kukuapia kwamba Mungu alisema nami, ila naweza kukuambia nani alifungua fundo kwa meno.

Nilirudi Bulumbi kiangazi. Egesa alinipakia baiskeli juu ya ule mto, akinitajia vitu vya pembeni: sasa kuna ng'ombe kushoto, sasa kuna mama anakupungia. Nabwire alikuwa amerefuka. Alijifunza upesi kusimama mbele yangu moja kwa moja anapotaka kuonekana, na mama mkwe naye akajifunza, ingawa yeye alipendelea kusimama pembeni anaponisema.

Mwezi wa pili baada ya kurudi, Mama Wandera alikuja. Aliketi barazani, kanga safi, akatoa barua. Niliitambua kwa doa la mafuta.

"Nisomee," akasema.

Nikaisogeza mbele ya macho nikasoma, neno moja kwa wakati, kidole chini. Salamu. Mvua. Viatu. Jina la Wandera. Ilinichukua muda mrefu. Nikarudia nikiwa na kidole kwenye doa, nikatafuta juu yake na chini yake.

"Halipo, mama," nikasema. "Nisamehe. Nilikuwa mgonjwa. Halikuwahi kuwapo."

"Najua halipo. Nimesomewa na watu watatu." Akaichukua barua, akailaza mapajani na kuinyoosha kwa kiganja. "Lakini wewe ulilitaja. Tangu nimzike hakuna mtu amelitaja kwa sauti. Sitaki usome. Taja tu."

Nilisita. Sikutaka tena kuita mtu yeyote. Mchana ulikuwa mweupe, Nabwire anatwanga uani, na nyumba ya tatu mtoto wa jirani alikuwa analia. Mtoto wa kweli, mwenye wiki tatu, nilikuwa nimempakata asubuhi ile ile. Alikuwa hajapata jina na alikuwa amelia tangu jana. Nikautazama uso wa yule mama, ambao ndio kitu pekee nilichoweza kuona.

"Ojiambo," nikasema.

Kilio cha nyumba ya tatu kikakatika. Nikasikia mchi wa Nabwire umesimama. Mama Wandera akanishika mkono kama alivyonishika siku ile.

"Umesikia?" akasema.

Nilijigonga muundi kwenye mguu wa meza, kwa nguvu. Maumivu yalikuja palepale.